Nyonga ya Mwisho wa Siku

Kitumbua cha kwanza ni cha kikaango. Ndivyo Perusi Ntandu alivyolelewa, na ndivyo alivyowalea wengine. Kikaango kikiwa bado hakijazoea moto, kitumbua hushika, huchanika, upande mmoja mbichi na upande wa pili mkaa. Hicho unawamegea kuku wala huoni haya. Cha pili kinaanza kufanana na chakula. Cha kumi ndicho cha kumwekea mgeni.

Kwa hiyo alipokabidhiwa bunduki ya plazma, ile inayonyunyizia ganda la kauri kwenye nyonga za chuma, katika Karakana ya Viungo pale Singida, miaka kumi na tisa iliyopita, hakungoja kuambiwa aanze na nini. Kila asubuhi, nozeli mpya, yaani mdomo wa bunduki, ikishafungwa, alikinyunyizia kwanza kipande cha kipimo. Kilikuwa kibati cha titani, upana wake kama kiganja cha mtoto, nacho ndicho kilichopelekwa maabara kutoa ushahidi kwamba kazi ya siku ile ni nzima. Baada yake ndipo zilipofuata nyonga za watu, kumi na nne kwa siku.

"Kama kitumbua cha kikaango kimefaulu," aliwaambia wanafunzi wake, "vya mgeni vitakuwaje?"

Wanafunzi walicheka, wakaandika kwenye madaftari.

Na nyonga za watu aliowapenda aliziweka mwisho kabisa wa siku.

Jumatatu moja nyonga moja ilirudi. Zilikuwa hazirudi. Mtu akitimiza miaka sitini alipewa nyonga mbili, akatembea nazo miaka thelathini, akazikwa nazo. Hii ilikuwa na miaka sita tu. Ilikuja imeoshwa, imefungwa kwenye kitambaa cha buluu, na Perusi aliifungua polepole, kona moja baada ya nyingine, kwa sababu hakupenda kuchana vitambaa vya watu.

Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ganda jeupe la kauri, lile ambalo mfupa hulipenda na kuling'ang'ania kama mizizi inavyoshika udongo, halikuwepo. Halikuwa limebanduka, wala halikuwa limepasuka. Lilikuwa limelambwa, kama chumvi iliyosahauliwa kwenye bakuli la maji. Chuma kilikuwa kitupu, kinang'aa.

Akasoma namba ubavuni. Iliishia na kumi na nne. Nyonga ya mwisho wa siku. Hakuhitaji kufungua kitabu ajue ni ya nani, maana siku ile aliikumbuka: ilikuwa ya Mwanaidi Sumbi, mkwe wake. Mtoto wa Perusi ndiye aliyemuoa binti wa Mwanaidi, na wajukuu wao walikuwa watano.

Fomu ya marejesho ilikuwa na nafasi moja ya kuandika chanzo: Ganda, au Matumizi. Perusi alikaa na kalamu muda wa chai kupoa. Kisha akaandika Matumizi, kwa mwandiko wake wa kulala, ule aliosifiwa tangu darasa la nne. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Baadaye hilo ndilo lililomuaibisha kuliko vyote, kwamba mkono haukutetemeka.

*

Baraza la Viungo la kata lilikaa Jumatano saa nne asubuhi. Mwanaidi aliletwa mbele, kwenye zulia dogo jekundu wanaposimama wenye kesi. Mguu wa kulia ulikuwa umefupika, kisigino hakigusi chini. Alijiegemeza kwenye mkongojo na kuwapungia watu mkono kama bibi harusi.

Mwenyekiti, Mzee Mughwai, alikuwa na kibao cha kusomea mapajani. Ndani ya kila nyonga kulikuwa na punje ndogo, sawa na punje ya mchele, iliyohesabu kila hatua na kila mtikisiko wa mwenyewe. Waliiita shajara ya nyonga. Mtu hawezi kuificha wala kuibembeleza.

"Tarehe saba," alisoma. "Hatua elfu thelathini na moja. Mitikisiko mizito, elfu nne mia mbili."

"Hiyo ilikuwa harusi ya mjukuu wangu, Mwenyekiti."

"Elfu nne, Bi Mwanaidi?"

"Ngoma ilikuwa nzuri."

Ukumbi ukacheka. Mzee Mughwai naye alicheka kidogo, akajifuta mdomo, akarudi kwenye kibao. "Tarehe nane. Elfu tatu mia tisa."

"Hiyo ni ya kumsindikiza mwali. Ulitaka nimsindikize nimekaa?"

"Nataka ujue kwamba nyonga ni mali ya wote, na foleni ni ndefu. Sheria unaijua. Aliyeharibu kwa matumizi hurudi nyuma ya foleni."

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwanaidi alikuwa na miaka sitini na sita. Perusi, aliyekaa kwenye kiti cha wataalamu karibu na dirisha, alimwona mkwe wake akihesabu kwa vidole kwenye kishikio cha mkongojo, sitini na saba, sitini na nane, mpaka vidole vikaisha.

"Kabla hatujafunga," alisema Mzee Mughwai, "tumsikie Fundi Mkuu. Mama Perusi, ganda lilikuwa zima?"

Perusi alisimama. Alivuta kitenge mabegani. "Kipande cha kipimo cha siku ile kilifaulu," alisema.

Kila neno lilikuwa kweli. Aliketi.

Kisha Mwanaidi akageuka pale kwenye zulia, taratibu, mkongojo kwanza na mguu baadaye, mpaka akamwelekea. "Mkwe," alisema, na sasa sauti yake haikuwa na mchezo. "Unisamehe mbele ya watu hawa. Uliniambia mwenyewe umeniweka mwisho wa siku, mkono umeshakolea. Ukaniheshimu. Nami nimeichezea kazi yako ngoma."

Watu wote walimtazama Perusi.

"Hamna neno, mkwe," alisema.

Alijisikia akisema. Alijisikia akimsamehe.

*

Asubuhi iliyofuata alifika karakana kabla ya wenzake. Siku hizi hakuishika bunduki mwenyewe. Mkono wa chuma ndio ulioishika, na akili ya kompyuta iliyouongoza mkono ule iliitwa Mwigaji. Mwigaji hakufundishwa kwa maneno. Miaka minane alimtazama Perusi akifanya kazi, kisha akaanza kufanya kama yeye, na kutoka hapo akapelekwa karakana kumi na moja za miji mingine, ili kote huko nyonga zitengenezwe kwa mkono wa Perusi Ntandu. Siku ya kumzindua walimvika Perusi shada la alizeti shingoni.

"Shikamoo, Mama Perusi," kilisema kipaza sauti cha ukutani.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Mimi silali."

"Basi leo tuko sawa. Anza kazi, nitazame."

Alivaa vizibo vya masikio, akashusha kioo cheusi, akasimama nyuma ya dirisha la chumba cha moto. Mkono wa chuma ulifunga nozeli mpya. Bunduki ikawaka kwa mlio wake, mwale mweupe wa kidole kimoja, mkali kuliko jua la saa saba. Katika mwale ule ndimo unga wa kauri, wa madini yaleyale ya mfupa, ulimorushwa, chembe kwa maelfu, na kila chembe ilikaa motoni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika kitambo hicho ilibidi iyeyuke na kufika kwenye chuma ikiwa laini, ijitandaze kama tone la uji, ishike. Moto ukiwa mdogo, chembe hufika na moyo mbichi kama harage lililotolewa jikoni mapema, ikadunda, ikaanguka. Moto ukizidi, husahau kwamba ilikuwa mfupa. Inakuwa kioo tu. Na mwili wa mtu hukiyeyusha kioo cha namna ile, kidogo kidogo, mpaka kiishe.

Hayo Perusi aliyajua kama anavyojua majina ya wajukuu. Alikuwa hajawahi kuyaweka pamoja na kikaango.

Kipande cha kipimo kilinyunyiziwa kwanza. Kisha nyonga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufika ya sita, mlio wa bunduki ulishuka kidogo, kama mtu anayeimba akiwa amechoka. Nozeli ni ya shaba, na umeme unaorukia ndani yake huila saa baada ya saa, kama ulimi unavyokula pipi. Ikiliwa, nguvu hushuka na mlio hushuka nayo. Mkono wa chuma haukusita. Uliongeza haidrojeni, gesi inayozidisha moto. Mlio ukarudi juu, uleule wa asubuhi, wa mafuta yanayokaanga vizuri.

"Mbona umeongeza?" aliuliza Perusi.

"Sauti ilishuka. Sauti ikishuka, wewe huongeza."

"Nani alikwambia?"

"Hukuniambia. Ulifanya. Mara elfu sita mia tatu na sita."

Kwenye ya tisa iliongeza tena, na kwenye ya kumi na mbili. Perusi alisimama palepale, akijitazama. Sauti ilikuwa ileile, na haidrojeni ile ilikuwa inachoma chembe zaidi na zaidi. Masikio yake yaliyosifiwa mpaka redioni yalikuwa yamesikiliza mlio tu. Hayakusikiliza unga.

Nyonga ya kumi na nne ilipotoka, alisema, "Sasa nyunyizia kipande cha kipimo kingine."

"Cha pili? Huo si utaratibu wako, Mama."

"Leo ndio."

Alivichukua vipande viwili, akavilaza kwenye meza ya vipimo, kushoto cha asubuhi, kulia cha jioni. Cha jioni kilikuwa kizuri zaidi. Kilikuwa laini, kinameta, kimetulia kama maziwa yaliyoganda. Miaka kumi na tisa alikuwa akilisifu ganda la namna ile, akiwaambia wanafunzi waguse, waone linavyoteleza.

"Soma," alisema.

"Kushoto: katika sehemu mia, themanini na moja ni fuwele za mfupa. Kulia: ishirini na sita."

"Na zilizobaki?"

"Kioo."

Perusi alitafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya kreti la unga. "Ulikuwa unajua?"

"Namba nilikuwa nazo. Sikulijua kama kosa, Mama. Nililijua kama lako."

Nje mapanga ya mitambo ya upepo yalikuwa yakizunguka taratibu, kivuli chake kikipita sakafuni na kurudi. Alikiacha kipite mara nyingi.

"Nyonga ngapi zimepita namba ya nane kwa siku, tangu nianze?"

"Hapa kwetu, elfu ishirini na tisa. Nihesabu na za miji mingine?"

"Usihesabu." Kisha akasema, "Hesabu."

Mwigaji alihesabu. Perusi alisikiliza namba mpaka mwisho wake, hakumkatiza.

"Simamisha bunduki," alisema.

"Hii?"

"Zote. Miji yote."

"Niandike sababu gani? Ukiandika matengenezo, zitafunguliwa kesho, nami nitakuwa nimesharekebisha kiwango cha haidrojeni na muda wa kubadili nozeli. Nyonga za kesho zitakuwa nzima."

Lilikuwa jambo rahisi kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Za kesho nzima. Za jana zingeisha moja moja, mmoja harusini, mwingine shambani, kila mtu na shajara yake ya kumshitaki, na kila mmoja angesimama kwenye zulia akiomba radhi.

"Acha wazi," alisema. "Nitakujazia."

*

Mwanaidi alikuwa barazani kwake, kwenye kigoda, akichambua vitunguu kwenye mkeka, vikubwa huku, vidogo kule, vilivyooza mbele ya kuku.

"Karibu, mkwe. Kaa mbali kidogo, vitakuliza."

Perusi alikaa karibu. Alimweleza yote, tangu kikaango mpaka haidrojeni, na hakuruka kitu, hata pale alipotamani. Mwanaidi aliendelea kuchambua. Perusi alipofika kwenye fomu, mikono ya Mwanaidi ikasimama.

"Lini hiyo?"

"Jumatatu."

"Baraza lilikuwa Jumatano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulipokaa pale dirishani na kitenge chako, ulikuwa unajua."

"Nilijua ganda limelambwa. Kwa nini, sikujua. Lakini nilijua si ngoma."

"Na niliposema unisamehe?"

"Nilijua."

"Ukasema hamna neno."

Macho yalikuwa yanamwasha Perusi, na hakutaka kuyafuta, mkwe wake asije akadhani ni vitunguu, au asije akadhani si vitunguu.

"Nyonga ni kosa," alisema Mwanaidi. "Watu hukosea. Mimi pilau ya mahari ya wanetu niliitia chumvi mara mbili, na ukoo wako wote ukala kimya, ukanywa maji mtungi mzima. Nyonga nitakusamehe, labda kesho, labda mwezi ujao, nikiacha kuumwa. Lakini uliichukua samahani yangu, Perusi."

Miaka ishirini na mitatu hakuwahi kumwita kwa jina.

"Nirudishie," alisema Mwanaidi.

"Nakuomba radhi. Niko hapa, mkwe, nakuomba..."

"Si hapa. Hapa kuna kuku na vitunguu. Kairudishe ulikoichukulia."

"Watafunga karakana."

"Wafunge."

"Maelfu ya watu wataogopa kuinuka kitandani. Wengine nyonga zao hazijafanya lolote. Pengine hazitafanya."

"Sasa hivi wanainuka bila kujua. Wewe ungetaka lipi?"

"Watoto wetu watasemwa. Wajukuu."

"Wameshasemwa." Mwanaidi alichukua kitunguu, akakibonyeza, akakitupa kwa kuku. "Yule mdogo jana kaniuliza, bibi, mharibifu ni mtu gani? Wamemwambia shuleni. Nikamwambia ni mtu anayependa kucheza."

*

Baraza lilikaa tena Jumatatu. Ukumbi ulikuwa umejaa, maana bunduki zilikuwa zimesimama siku nne katika miji kumi na miwili na hakuna aliyejua kwa nini. Perusi alipita kiti cha wataalamu, akaenda moja kwa moja kwenye zulia jekundu, akasimama. Lilikuwa limechakaa katikati, mahali ambapo nyayo hukaa. Kutoka kwenye kiti chake cha dirishani alikuwa hajawahi kuliona hilo.

"Mama Perusi," alisema Mzee Mughwai, "hapo si mahali pako. Na kwenye ajenda hukuandikwa."

"Uniandike, Mwenyekiti. Na mahali ni pangu."

Akasema. Hakuwa msemaji, alisema kwa kirefu na kurudia, akaeleza nozeli inavyoliwa, akavionyesha vile vipande viwili, akavipitisha watu washike, na watu wakatelezesha vidole kwenye kile cha jioni wakasema kizuri, naye akasema ndicho hicho, hicho kizuri ndicho kibaya.

Mzee Mughwai aliinama mbele. Alikuwa mtu mpole, na alimpenda. "Fundi Mkuu anamaanisha mtambo ulikuwa na hitilafu," aliwaambia watu.

Ulikuwa mlango, na alikuwa ameushika wazi kwa mkono wake mwenyewe.

"Hapana, Mwenyekiti. Mtambo hauna hitilafu. Uliniiga mimi. Na nyonga ya Mwanaidi Sumbi iliporudi niliona ganda halipo, nikaandika Matumizi. Mimi. Kwa mwandiko wangu. Kisha akaniomba msamaha hapa, nami nikampa, wakati mimi ndiye niliyepaswa kuomba. Nimekuja kuurudisha. Mkwe wangu hakuharibu kitu. Alicheza harusini, na nyonga nzima ingecheza naye."

Ilikuwa aibu ya namna nyingine, ya kutazamwa na watu wanaotafuta mahali pa kuweka macho yao. Wanafunzi wake wawili walikuwa safu ya nyuma. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini.

Mbele kidogo mtu alipaza sauti. "Sasa sisi tutajijuaje? Ya kwangu ni ya asubuhi au ya jioni?"

"Ninayo orodha," alisema Perusi.

Aliitoa mkobani. Alikuwa ameinakili kwa mkono siku tatu mfululizo, wale wa kata ile peke yao, akianza na ganda lililo baya kuliko yote. Aliona wengi wa juu walikuwa watu wake: jirani, mwalimu wake wa kwaya, mke wa kaka yake. Wale aliowapenda.

"Njiku, Elifasi," alisoma.

Mzee mmoja wa safu ya tatu, aliyekuwa akipigapiga mguu, aliacha. Alitazama kulia na kushoto. "Nipo," alijibu, kama mtoto darasani, na hakuna aliyemcheka.

"Mpahi, Ruda."

"Yuko shambani," alisema mwanamke mmoja. "Nitamwambia polepole."

"Ntandu, Yunisi."

"Nipo, wifi," ilijibu sauti, ndogo sana.

Alisoma majina kumi hivyo. Kwenye la kumi na moja karatasi ilianza kucheza mikononi mwake, hata ikabidi aishike kwa mikono miwili.

"Sumbi, Mwanaidi."

Kukasikika mkongojo ukikita sakafuni, safu ya mwisho, na watu wakageuka. Mwanaidi alikuwa anainuka. Hakuna aliyemtaka asimame, na ilimchukua muda, na jirani yake aliponyoosha mkono kumsaidia aliusukuma. Alisimama mpaka akanyooka, kisigino kikiwa kinaning'inia.

"Nipo," alisema. "Endelea kusoma, Perusi. Soma wote."

Hakusema mkwe. Perusi aligeuza ukurasa.